Kabla hamjauza nyumba ya mawe ya babu, nisikize kwanza

Hebu nikuulize. Kwenu kuna ile nyumba ambayo ukoo mzima huiita 'yetu', lakini siku paa likivuja hakuna anayejua ni ya nani? Kama ipo, vuta kiti. Stori hii inakuhusu, hata kama nyumba yenu haiko Pwani.

Yetu iko Lamu, mtaa wa Mkomani, ndani ya Mji wa Kale. Ni nyumba ya mawe, chini na juu, kuta zake zinakaribia nusu mita kwa unene. Ina mlango wa mbao wa kuchongwa na baraza mbili ambapo wazee wamekaa wakipiga gumzo tangu kabla babu hajazaliwa. Ukiipiga picha asubuhi, jua likiteremka kichochoroni, utapata mioyo ya kutosha Instagram. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kila nikienda likizo. Nilichokuwa sionyeshi ni zile ndoo na sufuria saba zilizopangwa chumba cha juu kukinga maji ya mvua.

Mwaka juzi, Novemba, kipande cha dari ya chumba hicho kilianguka saa nane usiku. Mama alikuwa amelala chumba cha pili. Kitanda kilichofunikwa na mawe na vumbi kilikuwa changu nilipokuwa shule ya upili. Mama hakupiga kelele wala kumwamsha jirani. Alishuka chini, akakaa karibu na mlango mpaka adhana ya alfajiri, kisha akatuma picha moja kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Hakuandika neno.

Wakati huo mimi nilikuwa Nairobi, najiita bloga. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili. Karo ilinishinda, na hata kabla ya karo, hamu ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nawaandikia wenye maduka ya nguo maneno ya kuweka chini ya picha zao ili nipate kodi ya bedsita. Kwenye grupu ami yangu mkubwa akauliza, "Nani ana nafasi aende akamwangalie shemeji?" Kimya. Baada ya nusu saa shangazi akaandika, "Huyo wa Nairobi si hana kazi?"

Huyo wa Nairobi ni mimi. Nikapanda basi hadi Mombasa, la pili hadi Mokowe, nikavuka na boti. Nilikuwa na begi moja na hasira tele.

Simiti hii aliwatilia nani?

Mama alikuwa ameshamwita fundi, mzee mmoja wa mtaani ambaye amejenga na kubomoa nyumba za mawe tangu akiwa mtoto wa kubeba karai. Hakuja na mashine yoyote. Alikuja na nyundo ndogo, msumari mrefu na tochi. Akagonga ukuta, akasikiliza, akagonga tena. Akapanda juu, akaangalia pale dari ilipofunguka, akachoma ncha ya boriti kwa msumari. Msumari ukaingia kama unaingia kwenye papai bivu.

"Simiti hii aliwatilia nani?" akauliza.

Mama akajibu polepole, "Marehemu babake huyu."

Nikueleze, maana hata mimi sikujua. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na jiwe hilo lina vijitundu kama sponji. Unyevu huingia, mwingine hupanda kutoka ardhini, kisha hutoka tena. Chokaa ni laini na inapitisha hewa, kwa hivyo maji yakiingia ukutani hupata njia ya kutokea. Simiti ni ngumu na inaziba. Maji yakipenya kwenye ufa mmoja mdogo hubaki humo ndani. Chumvi iliyomo ukutani huyeyuka, husogea hadi nyuma ya plasta, ikikauka huganda na kuibandua. Na boriti, ambazo ncha zake zimezikwa ndani ya ukuta, huoza kuanzia pale usipoweza kuona. Kwa nje zetu zilikuwa nzima, nyekundu, zinang'aa. Ndani ya ukuta zilikuwa uji.

Babangu alipiga ile simiti miaka mingi iliyopita alipopata mshahara wake wa kwanza wa maana. Mama anasema alifurahi sana siku hiyo, aliwaita majirani waje waone. Alidhani ameitengeneza nyumba ya babake isivuje tena maishani. Na kweli, kwa miaka kadhaa haikuvuja.

Warithi kumi na wanne, ufunguo mmoja

Fundi alitupa makadirio: kubadilisha boriti za chumba cha juu, kufungua sakafu ya paa na kuipiga upya, kuziba nyufa, kutoa simiti ya zamani. Pesa ambazo mama hana, na mimi hata usiniulize.

Hapo ndipo nilipogundua tatizo la pili. Babu alifariki akaacha watoto saba. Wawili nao wamefariki, akiwemo babangu, na mafungu yao yameshuka kwa wajane na watoto. Ukihesabu wote ni watu kumi na wanne. Mmoja yuko Qatar, wawili Mombasa, mmoja Malindi, wengine hapohapo Lamu. Kila mmoja ana fungu. Anayekaa ndani na kulala na mvua ni mama peke yake.

Na kulikuwa na mnunuzi. Huenda unajua kwamba tangu Mji wa Kale wa Lamu uingie kwenye orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, nyumba za mawe zimekuwa zikitafutwa hata na watu wa mbali sana. Huyu alikuwa amempigia ami simu mara mbili. Ami alitaka kuuza, tena hakuficha.

Ningependa kukuambia ami ni mtu wa tamaa, stori ingekuwa rahisi. Siyo. Ami ana binti anayesoma udaktari, na kila muhula karo humnyima usingizi. Mimi niliyeacha chuo kwa sababu ya karo ningemwambia nini? Tulipokaa kikao sebuleni, wengine wakisikiliza kwa simu, alisema, "Mnataka nipende mawe kuliko mtoto wangu?" Hakuna aliyemjibu.

Kilichotuokoa ni hesabu. Binamu yangu wa Malindi, mwenye duka la vifaa, aliuliza swali moja tu: mnunuzi atatoa ngapi kwa nyumba isiyo na paa? Tukakubaliana kwanza tufunge paa kabla ya masika. Mambo ya kuuza tuyazungumze nyumba ikiwa imesimama. Ami akakubali kwa sababu hata kwake ilikuwa biashara nzuri.

Kisha wakahitaji mtu wa kushika pesa. Shangazi, yuleyule, akasema, "Mpeni huyu. Hana kazi." Nikanunua daftari la kurasa mia mbili.

Daftari

Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua hapa, chukua hili la daftari. Ukurasa wa kushoto niliandika pesa zilizoingia kwa M-Pesa, nani, lini. Wa kulia, zilizotoka na risiti imebandikwa. Kila Ijumaa baada ya swala nilipiga picha kurasa zote mbili nikatuma kwenye grupu. Wiki ya kwanza walichangia watu wanne. Wiki ya tatu, tisa. Mtu akiona shilingi yake ya juzi imegeuka kuwa boriti, ya pili haimuumi sana kuitoa.

Nikafungua pia sehemu ya tatu kwa wasio na pesa. Shangazi mdogo hana kazi, lakini alipika chakula cha mafundi mwezi mzima. Nikaandika. Mjomba, ambaye si mrithi hata kidogo, alitoa punda wake. Nikaandika. Usicheke. Vichochoro vya Lamu havipiti gari. Mawe hukatwa Maweni, kisiwa cha Manda ng'ambo ya pili, yanavuka kwa boti, na kutoka gatini kila kitu hubebwa na punda ama kichwa. Ukijumlisha safari zote ambazo tungelipia, yule punda alichangia kuliko baadhi ya binamu zangu.

Boriti ni miti ya mikoko. Lamu ndiko kuliko na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini usidhani unaingia tu na shoka. Ukataji una leseni, na serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwaka 2018, wakataji wa huku walikaa bila kazi. Unanunua kwa wenye kibali, na huuzwa kwa korija, yaani miti ishirini. Kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nilijifunza hayo kwa aibu, baada ya kuagiza mazio nikidhani ni boriti. Fundi aliyaangalia, akaniambia, "Haya tutajengea banda la punda wa mjombako."

Ukiwahi kuingia nyumba hizi utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Sababu ni mti wenyewe. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba sakafu ya mawe kwa upana mkubwa, kwa hivyo waliojenga walikata chumba kwa kipimo cha mti. Siku nilipoelewa hilo niliacha kulalamika kwamba kochi la kisasa haliingii.

Mambo mengine mawili. Mji wa Kale unalindwa, kwa hivyo kabla ya kugusa chochote pitia ofisi ya Makavazi ya Lamu uwaeleze unachotaka kufanya. Na mchanga, usiende kuchota kwenye vilima vya Shela. Vile vilima ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ambayo mji unakunywa.

Kosa langu

Sasa nifike pale ambapo ningependa kuruka.

Tulikuwa tunangoja chokaa. Chokaa ni mawe yaleyale ya matumbawe, yamechomwa kwenye tanuri la kuni. Moto hufukuza gesi iliyo ndani ya jiwe, linabaki jeupe na jepesi. Ukilimwagia maji linachemka lenyewe na kuvunjikavunjika. Kisha linalazwa. Fundi wetu hataki chokaa changa, anataka iliyolala miezi kadhaa, laini kama siagi. Ukishaipaka, huvuta ile gesi tena kutoka hewani, polepole, mpaka irudi kuwa jiwe. Haiharakishwi. Ukiikausha kwa haraka inapasuka.

Na binamu yangu alikuwa anaolewa Desemba, hapohapo nyumbani. Ukuta wa sebule ulikuwa umechubuka vibaya. Fundi alikuwa amesafiri Faza kwa msiba. Nikaangalia video mbili YouTube, nikanunua mifuko mitatu ya simiti kwa pesa za mchango, nikaazima mwiko na pima maji. Kwa siku tatu ukuta ukawa bapa kama kioo. Nikapaka rangi nyeupe. Nikaweka picha mtandaoni, kabla na baada, watu wakamiminika. Shangazi akaandika kwenye grupu, "Kumbe anaweza kitu."

Nakuambia ukweli, ujumbe huo nilihifadhi. Miaka miwili familia ilikuwa inanitaja kwa kile nilichoacha. Siku hiyo walinitaja kwa nilichofanya.

Fundi aliporudi alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Harusi itapendeza."

Siku ya kupiga sakafu

Januari tukaanza paa. Tulishikiza dari kwa nguzo, tukatoa boriti zilizooza moja baada ya nyingine, tukaingiza mpya. Juu yake yakapangwa mawe bapa, kisha kokoto za matumbawe na chokaa. Mimi nilikuwa mtu wa mjengo kama vijana wengine wa mjengo, karai kichwani, vumbi hadi kwenye meno.

Sakafu ya chokaa haimwagwi ukaenda zako. Inapigwa. Inapigwa kwa vibao vya mbao, taratibu, mchana kutwa, siku kadhaa, mpaka ishikane na isiruhusu maji. Mama anasema zamani watu walipiga wakiimba, mtaa mzima unasikia. Fundi alisema anahitaji mikono isiyopungua kumi na hana vijana hao.

Nikaandika kwenye grupu: "Hatuhitaji pesa wiki hii. Tunahitaji mikono."

Nilidhani watakuja watatu. Walikuja kumi na saba. Binamu wa Malindi alifunga duka. Bibi harusi wa Desemba alikuja na mumewe, wote wawili na vibao. Wa Qatar hakuweza kuja, akapiga simu ya video akawekwa juu ya ndoo aangalie. Mama, miaka sitini na kitu, alipanda ngazi akakaa kwenye kona akipiga polepole, akatufundisha namna ya kwenda pamoja ili mdundo usivunjike.

Na ami alikuja. Hakusema kitu. Alivua saa, akaiweka mfukoni, akapiga sakafu mpaka alasiri.

Masika yalipofika Aprili, mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Mimi na mama tulipanda juu na tochi, tukasimama katikati ya chumba tukiangalia juu kama watu wanaongoja ndege. Hakuna tone.

Ukuta wa sebule

Mwishoni mwa Juni ukuta wangu ulianza kutoka kitambi. Ukiugonga unalia kama ngoma tupu. Unga mweupe wa chumvi ukatokea chini, kisha Jumapili moja plasta nzima ikaanguka kwa kishindo, mama akadhani ni dari tena.

Nilikaa na simu mkononi saa nzima. Ningeweza kuufunika na kabati. Mwishowe nikapiga picha nikatuma: simiti ilikuwa wazo langu, fundi hakuwepo, pesa ni Sh9,400, nimeziandika kwenye daftari kama deni langu. Nikazima simu.

Kesho yake asubuhi mlango uligongwa. Ami. Ameshika tindo mbili na nyundo. Tukaanza kubandua mabaki. Kazi ile ni chungu, kwa sababu simiti imeshika kuliko jiwe lenyewe. Ukiing'oa inaondoka na kipande cha ukuta. Tulifanya kazi karibu saa moja bila kuongea.

Kisha akasema, "Ile simiti ya babako ya juu, unajua nani alibeba mifuko? Mimi. Nilikuwa umri wako. Tulidhani tunamfurahisha babu."

"Babu alisema nini?"

"Alisema imependeza." Akagonga mara mbili. "Naye alikuwa anajua."

Sijui kama alinisamehe siku hiyo au alijisamehe yeye. Tulimaliza ukuta Alhamisi. Sasa una chokaa, si bapa kama kioo, una mawimbi kidogo, na ukiweka kiganja mchana wa joto unahisi ubaridi.

Kwa hivyo, wewe

Nyumba haijaisha. Upande wa nyuma bado una simiti, na choo cha juu ni stori ya siku nyingine. Suala la kuuza pia halijafa, nisikudanganye. Tulichofanya ni kuandikishana: binamu wawili wananunua sehemu ya fungu la ami kidogokidogo kila mwezi, pesa zinaenda moja kwa moja kwenye karo ya binti yake. Mnunuzi akipiga simu tena, tutaongea naye kama watu wenye nyumba.

Kama na wewe una nyumba ya aina hiyo, anza na haya. Jueni kwanza warithi ni kina nani na fungu la kila mmoja ni lipi, kwa maandishi, hata kama ni lazima mwende kwa Kadhi ama mahakamani. Zibeni paa kabla ya kurembesha ukuta. Mtafuteni fundi mzee kabla hajaondoka na maarifa yake, na mumpe kijana mmoja wa kwenu akae naye. Andika kila kitu, pamoja na chakula na punda. Na ukikosea, sema mapema.

Daftari langu limebaki kurasa kumi na mbili. Wiki iliyopita shangazi alinipigia simu, si kwenye grupu. Jirani yao ana nyumba ya mawe inayovuja, warithi ni tisa na hawaelewani. Akauliza kama nina nafasi.

Nikamwambia niko na kazi, lakini nitapita Jumamosi.